Jumatatu ya kurudi shule: siku ya mwalimu wa Kisauni, Mombasa, 12 Oktoba 2020

Saa kumi na nusu alfajiri

Nimeamka kusukuma mahamri. Shule zote zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na tangu Aprili, shule ninayofundisha ilipositisha mishahara, mahamri na mbaazi ndivyo vilivyotulipia kodi ya nyumba. Shule yetu ni ya kibinafsi. Mzazi asipolipa karo, mwalimu halipwi. Leo narudi darasani lakini karai sijalitundika. Mwenye shule ametuahidi nusu mshahara, na ahadi haiivishi mbaazi.

Mume wangu alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni. Hoteli ilifunga Machi, wafanyakazi wakaambiwa wangoje simu. Simu haijalia. Yeye na mwanetu Salim sasa wanauza vitunguu soko la Kongowea, na saa hizi washatoka.

Saa kumi na mbili

Rukia kavaa sare. Sketi imempanda juu ya magoti, nimefumua upindo usiku na bado haijatosha. Yeye yuko darasa la nane, kwa hiyo yumo katika waliopewa ruhusa: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Salim wa darasa la sita hayumo, na hakuna aliyetuambia zamu yake ni lini.

Julai tuliambiwa mwaka wa masomo umepotea, turudi Januari. Tukajipanga hivyo. Halafu Jumanne iliyopita Waziri wa Elimu George Magoha akatangaza Jumatatu watoto warudi. Siku sita! Harusi yenyewe hupangwa kwa muda mrefu kuliko huo.

Kwetu, swali halikuwa kama shule ni salama. Swali lilikuwa nani analala wapi. Mamangu anaishi nasi, ana sukari na miaka sabini na ushei. Ami yao Rukia alitaka msichana ahamie kwake Likoni, avuke feri kila asubuhi pamoja na umati ule. Nikakataa. Kakangu naye akajitolea kumchukua mama akae Kilifi. Mama mwenyewe akakataa, tena kwa maneno mafupi: "Siendi kufia ugenini kwa kuogopa mjukuu wangu."

Tulipofikia ni hapa: Rukia atalala sebuleni, akirudi anaoga kabla ya kumpa bibi yake mkono, na chakula cha mama kitapakuliwa kwanza. Mama anaona tunamtenga. Kesho na kesho kutwa huenda akalivunja sharti hilo mwenyewe, namjua.

Saa moja

Matatu ya abiria 14 inatakiwa kubeba wanane, na nauli ilipandishwa kwa sababu hiyo. Leo tulikuwa wanane mpaka tulipopita polisi. Nauli haikushuka.

Saa mbili kasorobo

Langoni kuna tangi la maji, sabuni ya kipande iliyofungwa kwa kamba, na askari wetu akiwaelekezea watoto kipimajoto kwenye paji la uso. Mtoto mmoja aliinua mikono juu kama anayekamatwa, wote nyuma yake wakaiga.

Machi niliacha watoto 41 gredi ya nne. Leo wamefika 23. Baadhi wamehamishiwa shule za serikali kwa sababu ya karo, wengine wako bara kwa babu zao, na wawili watatu sijapata habari zao kabisa. Nafasi ya mita moja kati ya dawati na dawati basi imepatikana bila jasho, kwa njia ambayo hakuna mwalimu angeiomba.

Nikauliza ni nani aliyefuatilia masomo ya redio, yale ya KICD, taasisi ya mitaala, kupitia KBC, redio ya taifa. Mikono mitatu. Kijana mmoja akasimama kujitetea: redio wanayo, lakini betri ni za babu na babu anasikiliza matangazo ya vifo. Nikamwambia akae, nilikuwa nimeishiwa na jibu.

Kusoma kumeshuka. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni mkono: wengi wanashika kalamu kama mwiko, na baada ya mistari minne wanakunjakunja vidole kwa uchovu.

Saa nne na nusu, mapumziko

Nimewakuta wasichana wawili chini ya mwarobaini wakibadilishana barakoa. Mmoja ana ya kitenge, mwenzake ana ya waridi iliyoshonewa kipepeo. Walikuwa wamekubaliana kila mmoja avae ya mwenzake mpaka kengele. Niliwaeleza kwa nini haifai. Walinisikiliza kwa adabu zote, kisha yule wa kitenge akauliza kama wanaweza kubadilishana wakizifua kwanza.

Saa saba

Baba wa mwanafunzi amepiga simu. "Mwalimu, hebu niambie kama mzazi mwenzangu. Nimlete au nisimlete?"

Nikamuuliza nyumbani mko nani. Akataja mkewe, watoto, na shemeji anayeumwa kifua. Nikamuuliza mtoto anashinda na nani mchana. Hapo akanyamaza kidogo, akasema mtoto huwa barabarani na wenzake, anarudi jioni. Basi, nikamwambia, mbali na watu hayuko hata sasa. Tofauti ni kwamba huku atanawa mikono na kusoma. Akasema atamleta Jumatano. Ningekuwa mimi na mgonjwa wa kifua ndani, sijui kama ningelala usingizi. Lakini aliuliza, nikajibu nilichoamini.

Saa kumi na moja jioni

Rukia kaoga, kakaa mbali na bibi yake, wanasimuliana kwa sauti ya juu hadi majirani wanachangia. Mtihani wao umesogezwa hadi Machi. Anasema mwalimu wa hesabu ameanza kama vile jana ilikuwa Ijumaa ya Machi.

Saa moja na nusu usiku

Hapa ndipo penye kazi. Salim amerudi na viatu vya Rukia, vipya, kavinunua kwa pesa yake ya vitunguu. Nikamshukuru, na moyo ukanidunda. Mtoto wa miaka 12 akishazoea kushika pesa, daftari humvutia vipi? Ami yake anamtaka dukani kabisa, "mpaka shule zifunguke." Mume wangu anaegemea huko, maana mkono wa Salim unasaidia. Mimi nimesema soko mwisho saa sita mchana, kisha kitabu.

"Kitabu cha nini, mama? Hesabu nafanya kila siku."

Nikamwambia vizuri, tufanye hizo hizo. Wavu wa kilo 13 umenunuliwa shilingi 800, kilo moja imeoza, iliyobaki inauzwa 80 kwa kilo. Faida? Akaanza kichwani, akapotea, akachukua kalamu ya dadake. Mia moja na sitini. Na nyavu tano? Mia nane. Na wewe uliahidiwa robo ya faida, siyo? Akaandika, akaipigia mstari, akaitazama tena. Kisha akamgeukia babake aliyekuwa anajinyoosha mkekani.

"Baba, leo tumeuza nyavu tano. Umenipa mia. Mia nyingine iko wapi?"

Babake akavuta shuka hadi usoni. Mama akacheka mpaka akaomba maji, na Salim akafungua ukurasa mpya kupiga hesabu ya Jumamosi.