Usingizi haulazimishwi jamani

Yaani tiba ambayo watafiti wanaipa namba moja kwa mtu anayekosa usingizi ni ile yenye sharti ambalo watu wakilisikia wanacheka, eti kama hulali basi toka kitandani! Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, walisema wazi kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya kubadili fikra na tabia za kulala, inaitwa CBT-I, vidonge vifuate kama hiyo haijatosha. Na sugu hapa ni walau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, sio ule usiku mmoja wa presha ya mtihani.

Sababu yenyewe ukiifikiria ina mantiki kabisa. Ukikaa kitandani macho makavu kila siku, ubongo unazoea kwamba hapa ni mahali pa kuwaza madeni, ndo maana mtu anasinzia vizuri tu kwenye kochi mbele ya tivii, akigusa mto macho yanamtoka pima. Mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin aliliandikia hilo mwaka 1972, na masharti yake yakawa sehemu ya CBT-I, siku hizi yanafundishwa hivi: panda kitandani ukiwa na usingizi kweli, zikipita kama dakika 20 (kadiria tu, ukianza kuchungulia saa umejimaliza) inuka nenda chumba kingine ukae kwenye mwanga hafifu, usingizi ukija ndo urudi, na asubuhi uamke saa ileile hata kama umelala kiduchu. Wiki za mwanzo ni mateso aisee, mchana unasinzia hovyo, kwa hiyo habari ya kuendesha gari uiangalie sana.

Vidonge navyo vinafanya kazi, tusidanganyane, ila mzigo wake upo. Chukua zolpidem, mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliagiza dozi ya kuanzia kwa wanawake ishuke kutoka miligramu 10 hadi 5 sababu asubuhi dawa ilikuwa bado ipo kwenye damu, afu 2019 wakaweka onyo lao kali kabisa maana kuna watu walikuwa wanatembea, wanapika, hadi wanaendesha gari huku hawajaamka vizuri na kesho yake hawakumbuki kitu. Na kama umeshazoea dawa za kundi la diazepam usikate ghafla kwa hasira, unaweza kupata degedege, daktari akupunguzie pole pole.

Hipnosisi sasa, yaani kuongozwa kwa maneno hadi akili itulie na kuzama kwenye unachoambiwa, hii watu wananiuliza sana. Kwanza aliye kwenye hipnosisi hajalala, ubongo wake ukipimwa unaonekana uko macho. Uswisi mwaka 2014 kina Maren Cordi na Björn Rasch waliwasikilizisha wanawake vijana rekodi kabla ya kulala mchana, na wale wanaoingia hipnosisi kirahisi usingizi wao mzito uliongezeka kwa karibu asilimia 80, wagumu hawakupata kitu. Inavutia, lakini hao walikuwa wazima wasio na shida ya usingizi, sasa anayekuuzia rekodi kama dawa ya kila mtu anakupiga tu.

Halafu wewe unayekoroma mpaka pumzi inakata na mchana uko hoi, yako huenda ni apnea, yaani kukatika pumzi usingizini, na baadhi ya vidonge vya usingizi vinaweza kuizidisha, mwambie unayelala naye akurekodi kwa simu afu uende nayo kwa daktari.