Ufizi wa kushoto kwa kisu, wa kulia kwa leza

Mimi nauza vipuri vya magari pale Kisekka, Kampala. Kutwa nashinda na mlio wa grainda ya jirani na haunisumbui hata kidogo. Lakini ule mlio mwembamba wa mashine ya daktari wa meno, nikiusikia tu kutoka kwenye benchi la kusubiri, miguu inaniisha nguvu. Basi nilipoambiwa kuna kliniki mjini inatibu kwa leza, nilikwenda mbio, nikijua mimi na mashine ile tumeagana.

Shida ilikuwa gego la mwisho, chini kulia. Lilikuwa limechomoza nusu, nusu nyingine imefunikwa na nyama ya ufizi kama pazia. Chakula kinaingia chini ya pazia, hakitoki, kinaoza humo humo. Kila baada ya wiki chache ufizi unavimba, taya linakaza, mdomo haufunguki. Siku moja nilinunua rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, ikanishinda kuing'ata, nikaikatakata kwa kisu cha kufungulia maboksi huku vijana wa dukani wakinicheka. Hajati wa duka la pili alinipa karafuu nibane kwenye jino. Ilinituliza mpaka jioni. Usiku maumivu yakarudi na nguvu zake zote.

Upande wa kushoto niliugua vivyo hivyo miaka miwili kabla, na kwenye kliniki nyingine pazia likakatwa kwa kisu cha upasuaji. Sindano tatu za ganzi, nyuzi mbili, na pamba niliyoiuma hadi nyumbani. Asubuhi foronya ina damu. Siku nne nilikuwa mtu wa uji, kisha nikarudi kutolewa nyuzi. Silaumu mtu, kwani kidonda kilipona na hakijanisumbua tena.

Safari hii daktari, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha mpakani kama changu, alianza na eksirei. Alitaka kuona jino limesimama au limelala. "Likiwa limemlalia mwenzake, ndugu yangu, kukata nyama ni kazi bure. Tunang'oa." Langu lilikuwa limesimama, na nafasi ya kutoka ipo.

Nikamwuliza kama na lile tundu dogo la gego la juu ataliziba kwa leza hiyo hiyo. Akacheka. Leza yake ni ya dayodi, kazi yake ni nyama tu: mwanga wake unanaswa na rangi, yaani wekundu wa damu na weusi wa fizi zetu, ndiyo maana aliipunguza nguvu kabla ya kunigusa. Kuchimba jino kunataka leza ya erbiamu, ambayo mwanga wake unanaswa na maji yaliyomo ndani ya jino lenyewe. Hiyo haitetemeshi taya, na mara nyingi mgonjwa hahitaji ganzi nyingi. Yeye hana. Tena hata walio nayo, kizibo cha zamani cha madini wanakitoa kwa mashine ya kawaida. Nilinyong'onyea. Kumbe nilikuwa nimekimbilia chombo kisichohusiana kabisa na kile ninachokiogopa!

Kwa ufizi, hata hivyo, nilikubali. Tulivaa miwani ya kukinga macho sote watatu, mimi, daktari na msaidizi wake. Chombo chenyewe kinashikwa kama kalamu, na mbele kinatokeza uzi mwembamba wa kioo. Kabla ya kuanza aliugusisha kwenye kipande cha koki, ile ya kuzibia chupa za mvinyo, mpaka ncha ikawa nyeusi. Ufundi ukanipanda, nikauliza kwa nini. "Ncha ikiwa nyeusi inashika joto. Nyeupe haikati."

Akanipaka dawa ya ganzi, akafuatisha sindano moja. Sikusikia mlio wowote zaidi ya mrija wa kunyonya mate. Kilichonishtua ni harufu, kama nywele zilizoguswa na moto. Afadhali mtu aambiwe mapema. Haikufika dakika kumi. Hakuna uzi, na pamba niliyoitoa mdomoni ilikuwa karibu nyeupe, kwa sababu joto huziba mishipa midogo papo hapo. Jioni ile nilikula matoke na mchuzi wa njugu, nikitafunia upande wa pili. Panadol nilimeza mara mbili tu.

Nisiseme uongo: nililipa zaidi ya mara mbili ya kule kwa kisu. Na kupona kabisa hakukuwa haraka kuliko kushoto. Utando mweupe ulikaa pale zaidi ya wiki, nikakatazwa kuukwangua, nikawa nasukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Nilichookoa ni damu, uvimbe, na zile siku nne za uji. Kwa mwenye duka, siku nne si haba.

Tundu la juu lilizibwa wiki iliyofuata, kwa mashine ile ile ya mlio mwembamba. Niliomba niweke muziki masikioni. Daktari akasema sawa, mradi nisiitikie.