Swali la mwanahisa lenye tarehe ya kujibiwa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mfuko wa pensheni unaogundua kuwa kampuni uliyowekeza fedha zake inadhulumu watu au kuharibu mazingira una njia moja tu ya heshima, yaani kuuza hisa na kuondoka. Siamini hivyo tena. Hisa inayouzwa hununuliwa na mwingine, pengine asiyejali kabisa, na kampuni huendelea na mwenendo wake uleule, ilhali mwanahisa anayebaki ana haki ya kuuliza, kupiga kura na kuwasilisha azimio katika mkutano mkuu.

Mfano unaonigusa kuliko yote ulitokana na msiba. Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki ya madini la kampuni ya Vale lilibomoka huko Brumadinho, Brazil, na watu 270 wakapoteza maisha. Miezi michache baadaye, Bodi ya Pensheni ya Kanisa la Uingereza na Baraza la Maadili la mifuko ya pensheni ya serikali ya Sweden iitwayo AP, wakiungwa mkono na wawekezaji wengine, waliziandikia mamia ya kampuni za uchimbaji duniani wakizitaka zieleze hadharani habari za kila bwawa: liko wapi, lilijengwa kwa mtindo gani, lina kimo gani na madhara yatakuwa yapi likibomoka. Majibu yalitakiwa ndani ya siku 45, yakiwa na sahihi ya mtendaji mkuu au mwenyekiti wa bodi. Sharti hilo la sahihi nalithamini sana, kwa sababu lilitoa suala la mabwawa mikononi mwa wahandisi wa mgodini na kulifikisha kwa watu wanaogawa bajeti. Agosti 2020 kikapatikana kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa hayo.

Mazungumzo mengi kati ya wanahisa na kampuni hayana uzito huo. Kwa kawaida huanza kwa barua, hufuatiwa na vikao vya faragha, na huweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Faragha ina faida yake, kwani mkurugenzi hukiri kasoro kwa urahisi zaidi pasipo waandishi wa habari. Lakini kikao kisicho na lengo wala tarehe ya mwisho huipa kampuni kivuli cha kujificha. Kwa hiyo mfuko unapaswa kuwa tayari kupiga kura ya kumkataa mkurugenzi anayesimamia suala husika, na kutangaza sababu zake.

Kura na shinikizo hufika mahali, ingawa wakati mwingine kwa kuchelewa. Mei 2020 kampuni ya uchimbaji madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, katika ardhi ya wenyeji wa asili wa Australia, yenye ushahidi wa maisha ya binadamu wa takriban miaka 46,000. Bodi ilipoishia kukata marupurupu ya viongozi, wawekezaji, ikiwemo mifuko ya pensheni ya Australia, walikataa kuridhika, na Septemba ikatangazwa kwamba mtendaji mkuu na wenzake wawili wataondoka. Mapango hayarudi. Tangu hapo, ninaposoma ripoti ya mfuko wowote, sihesabu vikao ulivyofanya. Natafuta kama wawakilishi wake waliwasikiliza wenye ardhi wenyewe, au walimsikiliza meneja peke yake.