Nilianzia mkoani: jinsi boma letu lilivyopata bati

Boma letu la madarasa, shule ya msingi ya kijiji, lilikaa miaka minne bila paa. Vyumba viwili, kuta zimefika kwenye lenta, ndani wanalala mbuzi wa majirani, na mwaka mmoja yaliota mahindi ambayo hakuna aliyekiri kuyapanda. Huku milimani upande wa Tukuyu mvua haina adabu, na tofali zilishaanza kumegeka pembeni. Darasa la kwanza walikuwa zaidi ya mia katika chumba kimoja, wakati mwongozo unasema watoto 45.

Uenyekiti wa kamati ya shule niliupata kwa kuchelewa mkutano. Nafika tu, nakuta watu wanapiga makofi.

Nikaanza kutafuta bati, na ushauri wa kwanza niliupata nyumbani. Shemeji yangu aliwahi kuuza mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, miaka mitatu, na tangu arudi anajua kila kitu. Akaniambia, "Shemeji, unahangaika na watu wadogo. Shule zote za mkoa ziko mikononi mwa Afisa Elimu Mkoa. Mfikie yeye, bati zitakuja na lori." Nikaona anasema kweli. Mkoa si ndio mkubwa?

Nikavaa koti la harusi yangu, ambalo sasa halifungi vifungo. Nikabeba barua ya kurasa nne niliyoiandika kwa mkono wangu, imeanzia kwa wazee walioanzisha kijiji. Na nikabeba mkungu wa ndizi, maana shemeji alisema mtu haendi ugenini mikono mitupu. Mkungu ule tulipanda nao Costa, tukashuka nao Uyole, tukapanda nao daladala ambako konda aliutoza nauli kama abiria. Getini kwenye ofisi za mkoa mlinzi alinitazama mimi, akautazama mkungu, akasema, "Mzee, huo uache hapahapa, usije ukawapa watu kesi." Nauli yangu, nauli ya ndizi na chai ya kusubiria, elfu ishirini na kitu ilikwenda.

Saa saba hivi nikaitwa. Nilipokewa na mama mmoja mtaratibu, nami kwa woga nikamwamkia shikamoo ingawa naona mimi ndiye mkubwa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho, akauliza, "Baba, hii imepitia kwa nani?"

"Nimeileta mwenyewe," nikajibu kwa fahari.

Hakucheka, Mungu ambariki. Aliigeuza barua yangu, na nyuma yake akachora ngazi kwa kalamu nyekundu. Chini kabisa kamati ya shule, mwenyekiti mzazi na katibu mwalimu mkuu. Juu yake kijiji. Kisha kata, yenye afisa elimu wake na Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani. Kisha halmashauri, na hapo akazungushia duara mara mbili. "Shule ya msingi inaendeshwa na halmashauri," akasema. "Bajeti iko kwa Mkurugenzi, Afisa Elimu wa msingi anafanya kazi chini yake, na Baraza la Madiwani ndilo linaloipitisha. Sisi tuko chini ya Katibu Tawala wa Mkoa, tunasimamia na kushauri. Tangu sheria ya mwaka 1997 mkoa hauendeshi shule zenu." Juu akaandika TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, Dodoma. Wizara ya Elimu akaiweka pembeni: sera, mitaala, wathibiti ubora. Nikauliza, na walimu je, maana nao hawatoshi? Akaanza kuchora kisanduku cha Tume ya Utumishi wa Walimu, akasita. "Leo tumalize bati kwanza, baba."

Kwa hiyo nilikuwa nimempita diwani wangu, ambaye anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, nikaenda kupanda magari mawili. Getini mkungu ulikuwa umepungua vichana viwili. Sikuuliza.

Nyumbani kikwazo kilikuwa sisi wenyewe. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa, ukitamka neno mchango unajibiwa "elimu bure" kabla hujamaliza sentensi. Nawaelewa, michango ya zamani ilitutesa. Lakini mwalimu mkuu alitusomea Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016: kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumrudisha mtoto nyumbani, si jamii kujiamulia kwa hiari kujenga. Ruzuku ya shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Kwa pesa hiyo utanunua chaki na kuziba dirisha. Haifiki kwenye kenchi, zile mbao za kubebea bati.

Hapa nijisifu kidogo. Mkutano mkuu wa kijiji huwa tunaufanyia ofisini, na watu hawaji. Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji auitishe ndani ya boma, mwezi Novemba, na diwani awe mgeni rasmi. Niliangalia mawingu, nisidanganye. Ajenda ya pili ikiendelea, mvua ikashuka. Mheshimiwa alikuwa na viatu vya ngozi. Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni, maji yanamchuruzika usoni, akasema, "Mheshimiwa, sisi tumelowa dakika kumi, hawa wenzetu wanasoma hivi." Sikumfundisha, naapa. Ndani ya wiki mbili ajenda yetu ilikuwa imepita kwenye kata.

Kingine ni muhtasari wa mkutano. Watu wanadhani barua tamu ndiyo inayoleta pesa. Mwalimu mkuu aliambatanisha mahudhurio yenye sahihi, na akageuza nguvu zetu zote kuwa shilingi: tofali, mawe, kila tripu ya mchanga, hata kina mama waliosomba maji. Mhandisi alipokuja kufanya makisio alikuta kijiji kimeshaweka mamilioni, na sisi wenyewe ndipo tulipojua. Halafu wahini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na ombi la mwezi Mei linamkuta mpishi ameshaosha sufuria.

Pesa za ukamilishaji ziliingia mwaka uliofuata, milioni 12 na ushee kwa kila chumba, kwenye akaunti ya shule, kwa utaratibu wa fosi akaunti. Maana yake hakuna mkandarasi. Fundi anatoka kijijini, na nyinyi mnaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Nilidharau ile ya mapokezi, nikaona ni ya kuhesabu mifuko ya saruji tu, nikaunga mkono bibi mmoja mstaafu awemo ili apate pa kukaa. Siku bati zilipofika bibi akavaa miwani, akapapasa ukingo wa bati la kwanza, akasoma maandishi yake, akasema, "Risiti inasema geji 28. Hili ni 30, jembamba zaidi. Rudisheni." Dereva akabembeleza, akaita "bibi" kwa sauti ya asali. Bibi akakalia kalamu yake, hasaini. Lori likarudi na mzigo wote, na kesho yake zikaja za geji 28. Mpaka leo nikipita kwake naanza mimi kuamkia, na simwambii kwa nini nilimuunga mkono.

Watoto walihamia Januari. Shemeji anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenifungulia njia ya mkoani, na siku ya kukabidhi alikaa safu ya mbele.

Sasa tumebakiwa na vyoo. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na sisi hatufiki hata nusu yake. Mkutano ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, palepale nyuma ya vyoo vya zamani, upande unakoelekea upepo. Diwani ameshathibitisha.