Siku moja ya mchungaji wa hospitali: kupeleka tumaini majumbani mwa wagonjwa

Saa 12 asubuhi

Siku ya kutembelea wagonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wenye ugonjwa mzito, naianza na zaburi ya maombolezo. Wakristo wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kumlilia Mungu namna ile. Wamezoea kuambiwa washukuru kwa kila jambo, basi wanameza machozi na kujiona wana imani haba. Zaburi 13 ina mistari sita tu: miwili ya kuuliza hata lini, miwili ya kuomba, miwili ya kumtumaini Mungu. Mgonjwa mwenye pumzi fupi anaweza kuifuata mpaka mwisho. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani. Kuna wagonjwa ambao hiyo ndiyo zaburi yao ya wiki nzima, na si kazi yangu kuwavusha upesi kwenda kwenye nyingine.

Mkobani kuna Biblia ya maandishi makubwa, kitabu cha nyimbo, kichupa cha mafuta ya zeituni, mkate na divai ya ushirika, kijiko kidogo, barakoa, sabuni ya mikono na daftari.

Saa 2 asubuhi

Kikao cha timu: daktari, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii na mimi. Tunapitia majina ya nyumba za leo. Kila ninayemfundisha kazi hii namweleza habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mtu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, ambaye mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alikuwa Mkristo wa dhati. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne zilizofungamana: mwili, akili, jamaa na roho. Ukiutibu upande mmoja na kuacha mingine, mtu bado anaumia.

Kutokana na hilo tuna utaratibu ambao hatuuvunji: dawa kwanza, maombi baadaye. Muuguzi anaingia kabla yangu. Mtu aliyekunja uso kwa maumivu hasikii Neno, anasikia kelele. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, inanywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo au yasiwepo, kwa sababu ukisubiri yarudi ndipo unywe, unayakimbiza siku nzima bila kuyakamata. Pamoja nayo mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo, na wengi huiacha kwa sababu hiyo.

Sehemu yangu hapo ni hofu. Jamaa wanaamini mofini ni dawa ya kumalizia mtu, au kwamba kuinywa ni kumkosea Mungu imani. Nawaambia waziwazi: inapotolewa kwa kipimo cha daktari, dawa hii inapunguza maumivu ili mtu aweze kulala, kuzungumza na wanawe na kusali.

Saa 4 asubuhi, nyumba ya kwanza

Nanawa, nabisha hodi, nasalimia wazee wa nyumba kwanza, kisha naomba kiti kifupi. Nakaa upande ambao mgonjwa ananiona bila kugeuza shingo, macho yangu yakiwa sawa na yake. Mchungaji anayesimama juu ya kitanda na Biblia mkononi anaonekana kama hakimu.

Baada ya pole na habari za usiku, tunatumia kipimo cha mkono. Kinatoka kwa Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika chenye makao Kampala, na hakihitaji kusoma wala kuandika. Ngumi iliyofungwa ni sifuri, vidole vyote vitano ni tano. Muuguzi anauliza juu ya siku tatu zilizopita: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi. Kisha yanakuja maswali ambayo nayasubiri kwa makini: umeweza kumweleza mtu unavyojisikia? Umeona maisha yana thamani? Una amani?

Hapa watu hukosea mara nyingi. Kwenye maumivu, vidole vitano ni hali mbaya kabisa. Kwenye thamani ya maisha na amani, vitano ni hali njema. Usipoeleza mgeuko huo kabla ya kuuliza, bibi anakunyoshea mkono wote akimaanisha amekata tamaa, nawe unaandika kwamba yuko vizuri. Kwa hiyo narudia kwa maneno: "Bibi, ngumi ni kusema maisha hayana maana tena, mkono mzima ni kusema yana maana siku zote. Wewe uko wapi?"

Anyooshe kidole kimoja, simkimbilii kwa aya. Nauliza, "Kipi kilichobakia kwenye hicho kimoja?" Jibu lake ndilo mlango. Huwa ni mjukuu, shamba, kwaya aliyoiimbia ujanani, au mtu ambaye hawajapatana. Marafiki wa Ayubu walikaa chini pamoja naye siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Walipofungua vinywa kueleza sababu ya mateso yake ndipo walipomkosea. Nakaa kimya muda mrefu kuliko ninavyotamani.

Saa 6 mchana, nyumba ya pili

Mama mwenye kidonda cha saratani ya titi. Nyumba kama hii mzigo mkubwa ni harufu, na harufu huleta upweke: majirani wanapungua, jumuiya wanaombea mlangoni, mwenyewe anajifungia. Muuguzi anasafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha ananyunyiza vidonge vya metronidazole vilivyosagwa laini, kwa sababu harufu hutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Siku chache baadaye harufu hupungua na watu wanaanza kuingia ndani tena. Kazi ile ni ya kiroho sawasawa na ya kwangu.

Swali lake karibu naweza kulitaja kabla hajasema: nimekosa nini? Jamaa nao wana majibu yao: laana, uchawi, zaka asiyotoa. Tunasoma Yohana 9. Wanafunzi waliuliza nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Yesu alikataa yote mawili. Nasoma mbele ya jamaa kwa makusudi, ili wote wasikie. Kuna maneno nawaomba wageni wasiyaseme chumba hiki: "Mungu anakupenda ndiyo maana anakujaribu", "usilie", "ni mapenzi ya Mungu". Hata kama msemaji ana nia njema, mgonjwa anabaki na maumivu yale yale na sasa hana ruhusa ya kulalamika.

Jumuiya yake nawapa masharti: waje wawili au watatu, wimbo mmoja anaouchagua mwenyewe, dakika kumi, kisha mmoja abaki kufua au kuchota maji.

Saa 8 mchana, nyumba ya tatu

Mzee mwenye saratani ya umio, ugonjwa unaotutesa sana ukanda huu wa Afrika Mashariki. Anatamani ushirika lakini hamezi. Namketisha mgongo ukiwa wima, nachovya chembe ya mkate, ndogo kuliko punje ya mchele, ndani ya divai, naiweka kwenye ulimi kwa kijiko. Ikiwa hata hiyo inamfanya akohoe, nalowanisha midomo yake tu. Amepokea kikamilifu. Kumlazimisha kipande kizima ni kumtia hatarini kupaliwa.

Kisha nampa kazi, na hapa ndipo ninapolishikilia jambo hili kuliko yote: mgonjwa anayehudumiwa tu mchana kutwa huona amekuwa mzigo. Paulo aliandika kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji wengine. Mgonjwa kitandani bado ameitwa. Kazi iwe ndogo, iwe ya kweli, na iwe na siku: kuombea majina matatu mpaka nitakaporudi, kumrekodia mjukuu baraka kwenye simu, kumwonyesha kijana mipaka ya shamba mbele ya mashahidi, kumwita ndugu waliyegombana. Nikirudi lazima niulize ilikwendaje. Nisipouliza, atajua nilikuwa namliwaza tu.

Saa 10 jioni, nyumba ya nne

Kijana ameacha dawa baada ya mkutano wa maombezi. Simbishii imani yake wala sisemi vibaya juu ya aliyemwombea. Nasema Mungu anayeponya haogopi vipimo. Endelea na dawa, tupime, daktari akithibitisha tutoe shukrani kanisani. Akiacha ARV, virusi vya UKIMWI huongezeka na vinaweza kuwa sugu. Akiacha mofini ghafla, maumivu hurudi kwa nguvu pamoja na jasho, kutetemeka na kuharisha. Ninapompaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoagiza, naomba uponyaji bila kusitasita. Namwambia pia kwamba Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema badala yake, na hakuna aliyemhesabu kuwa hana imani.

Saa 12 jioni

Wauguzaji. Mara nyingi ni binti mmoja anayebeba yote. Namuuliza amelala saa ngapi, amekula nini, nani atampokea Jumamosi. Jina la wa kumpokea linaandikwa kabla sijaondoka.

Saa 3 usiku

Naandika: alama za mkono, swali kubwa la kila mgonjwa kwa maneno yake, kazi niliyompa, tarehe ya kurudi. Siri za maungamo haziingii kwenye faili. Simu inabaki imewashwa, na jamaa wameshafundishwa la kufanya pumzi zikianza kukatika: wasimlazimishe maji, wamgeuze ubavu, walowanishe midomo, waendelee kumwita kwa jina na kusali kwa sauti ya kawaida, maana huenda bado anasikia. Kisha wanipigie, hata kama ni saa 9 usiku.