Siri kali, Mzungu Aende Ulaya na Har Ambe: kupima hadithi za asili ya maneno ya siasa

Ukiambiwa kwamba neno la siasa ni kifupisho cha sentensi nzima, lishuku hapo hapo. Maelezo ya namna hiyo mara nyingi hutungwa neno likiwa limeshakomaa, na mtungaji huwa na ujumbe wa kupitisha. Mfano mkubwa kwetu Afrika Mashariki ni Mau Mau, jina la harakati iliyopigana na ukoloni nchini Kenya. Wengi tumekua tukisikia kwamba maana yake ni *Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru*. Maneno sita, herufi sita, kila moja mahali pake, na madai ya harakati nzima yamo humo. Yamekaa vizuri kupita kiasi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni tabia ya wakati ule. Vyama vya siasa vya miaka hiyo vilijiita kwa herufi za Kiingereza: KAU mwaka 1944, TANU mwaka 1954, KANU mwaka 1960. Mtindo wa kuunda majina kwa vipande au herufi za maneno ya Kiswahili ulishamiri baadaye. BAKWATA, baraza la Waislamu wa Tanzania, ni ya 1968 na CCM ni ya 1977. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipiga Mau Mau marufuku Agosti 1950, zaidi ya miaka miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa hiyo tungehitaji kifupisho cha Kiswahili kilichokwisha kuzoeleka vijijini kabla ya 1950, tena kati ya watu waliokula kiapo kwa Kikuyu.

Na hapo ndipo panapoleta tabu zaidi. Madai ya wapiganaji yalikuwa *ithaka na wiyathi*, ardhi na uhuru, nao walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Katika ile sentensi ya Kiswahili, ardhi haimo kabisa. Ni ajabu harakati iliyoanzia kwenye mashamba yaliyoporwa ijipe jina lisilogusa shamba.

Maelezo yanayoshindana na hayo ni mawili yenye uzito. La kwanza linasema jina limetokana na *muma*, kiapo kwa Kikuyu, lililoharibiwa na Wazungu na polisi. Maana inafaa sana, ila sauti zinasumbua: lazima uidondoshe m ya pili kisha ueleze kwa nini neno limerudiwa. La pili lilielezwa na J. M. Kariuki katika kumbukumbu zake za kizuizini, zilizochapishwa 1963: watoto wa Kikuyu walikuwa na mchezo wa kupindua silabi, na *uma uma*, yaani toka, toka, likageuka *mau mau*. Hapa sauti zote zipo, zimehama tu mahali, na urudiaji umeelezeka bila kulazimisha. Mimi naegemea hapo, japokuwa si hoja ya kumfunga mtu mdomo.

Tahadhari moja: kusema kwamba sentensi ile si asili ya jina hakumaanishi kwamba haikusemwa na wenyewe. Inawezekana kabisa jina lilikuwepo, kisha wafuasi wakalivisha kaulimbiu. Mtafiti anayechanganya mambo hayo mawili humwita mzee mwongo, kumbe mzee anakumbuka vizuri alichokisikia.

Sasa *serikali*. Kila mwenye kijiwe cha kahawa anajua kwamba serikali ni siri kali. Utani huo ni mtamu kwa sababu unalingana na uzoefu wa raia: majalada yaliyogongwa muhuri wa siri, majibu ya "suala hilo linashughulikiwa". Na kisarufi hauna kosa. *Siri kali* ni Kiswahili safi. Ndiyo maana kuukataa kwa sarufi peke yake hakutoshi. Inabidi uangalie mambo mengine.

Anza na tahajia za zamani. Katika maandishi ya karne ya 19 utakutana na *serkali* na *sirkali*, bila irabu katikati. Kama neno lingekuwa limeundwa na *siri*, ile i ya pili isingekuwa na sababu ya kupotea. Lakini kama lilianza na -rk-, irabu kuingizwa baadaye ni jambo la kawaida kabisa katika Kiswahili: *markab* ya Kiarabu ilitupa *marikebu* kwa njia hiyo hiyo. Chanzo kinachokubaliwa na wanaisimu ni *sarkār* ya Kiajemi, *sar* ikiwa kichwa na *kār* ikiwa kazi, yaani mkuu wa shughuli. Neno hilo hilo ndilo serikali kwa Kihindi na Kiurdu hadi leo. Kinachobaki kubishaniwa ni njia: lilitufikia moja kwa moja kutoka Uajemi, au kupitia wafanyabiashara na makarani wa Kihindi? Kwa kuwa Wahindi walishika forodha na hesabu za Zanzibar katika karne ya 19, njia ya pili inanishawishi zaidi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwa majirani. Nchini Rwanda, *umusirikare* ni mwanajeshi. Kwa Kiganda, *omuserikale* ni askari. Kwa Kikuyu, *thirikari* ni serikali, s ya Kiswahili ikiwa imegeuka th kama kawaida ya lugha hiyo. Watu wa bara walipolipokea neno hili kutoka kwa misafara na wakoloni, walichokiona kwanza ni mtu mwenye bunduki aliyetumwa na wakubwa. Hakuna aliyepokea siri. Maana ambayo lugha jirani inaihifadhi ni kama picha ya neno siku lilipovuka mpaka, na mchekeshaji wa mjini hawezi kuifuta.

*Siasa* nayo ina wachekeshaji wake, wanaosema ni *si hasa*. Hilo tuliache. Cha kufurahisha ni kwamba ubishi wa asili ya neno hili ni wa zamani kuliko sisi. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo aliyefariki 1442, alidai kwamba *siyasa* ilitokana na *yasa*, sheria ya Wamongolia wa Genghis Khan. Alikuwa na sababu yake: hakupenda watawala wahukumu nje ya sharia, na kuipa tabia hiyo asili ya kipagani kulimsaidia. Tarehe zinamwangusha. Mwanafalsafa Al-Farabi alifariki mwaka 950, akiwa amekwisha kuandika kitabu chenye neno hilo katika jina lake, zaidi ya karne tatu kabla ya Wamongolia kuingia Baghdad mwaka 1258. Asili inayokubalika ni kitenzi cha Kiarabu cha kutunza na kuongoza farasi, jamaa ya *saisi*, yule mtunza farasi wa mabwana wa zamani. Kwetu pwani neno lilikaa muda mrefu na maana ya upole na busara. Ukimwambia mtu aseme na mzee *kwa siasa*, ulimtaka aende taratibu. Wagombea wa leo wamelitumia hadi limechakaa.

Ubishi mgumu kweli ni wa *harambee*. Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa alipokuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963, na limeandikwa chini ya nembo ya Kenya. Hadithi inayopendwa ni ya reli: vibarua wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896 walikuwa wakinyanyua mataruma na kuita *Har Ambe*, wakimsifu mungu wa kike Ambe, na Waafrika waliokuwa nao wakaiga. Wako Wakristo nchini Kenya wanaotaka neno liachwe kwa sababu hiyo.

Tuipime. Kwa upande wa sauti, haina dosari. *Har ambe* na *harambee* ni karibu kitu kimoja. Kwa upande wa mazingira, nayo inawezekana: vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na kazi ya kunyanyua vyuma huhitaji mwito wa pamoja. Udhaifu unaanza unapouliza vibarua hao walikuwa nani. Wengi walitoka Punjab, na kati yao Waislamu na Masingasinga walikuwa wengi. Ambe anaheshimiwa zaidi Gujarat. Hoja hii si ya kuua, kwa sababu mwito wa kazi huvuka dini. Mtu huita kinachoitwa na genge lake. Lakini inaipunguza hadithi nguvu.

Udhaifu mkubwa ni mwingine. Hadithi ya reli inachukulia kwamba Mhindi alifika pwani mwaka 1896. Majahazi ya Kachchh na Gujarat yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi kabla ya hapo, na kazi ya kuvuta tanga au kukokota jahazi ufukoni inataka mwito kuliko hata reli. Kwa hiyo hata kama neno lina damu ya Kihindi, reli si ya lazima. Na upande wa pili, wanaosema ni neno la mabaharia na wapagazi wa pwani tangu zamani, nao hawapaswi kuridhika: miito ya kazi huundwa kwa sauti za kuvuta pumzi, na lugha mbili zinaweza kufikia sauti zinazofanana bila kuazimana.

Kitakachoivunja hadithi ya reli ni kitu kimoja, yaani mwito huo katika maandishi ya kabla ya 1896. Mahali pa kuchimba panajulikana: kitabu cha Steere cha 1870 kuhusu lugha ya Kiswahili, kamusi ya Krapf ya 1882, na, kama msaada tu kwa kuwa imechelewa, kamusi ya Sacleux ya 1939, ambayo hutaja lahaja za maneno. Wengi hukosea kwa kutafuta *harambee* peke yake, kwa tahajia ya leo. Tafuta pia *harambe*, *halambe* na *halambee*, maana r na l hubadilishana pwani. Tafuta na chini ya vitenzi *vuta*, *kokota* na *inua*, kwa kuwa waandishi wa kamusi wa zamani mara nyingi waliweka miito ndani ya mifano, bila kuipa kidahizo chake, yaani ingizo lake lenyewe. Shajara na taarifa za safari za baharini zina nafasi nzuri kuliko kamusi. Mgeni aliyekaa juu ya sitaha akisubiri tanga lipandishwe alikuwa na muda wa kuandika kile alichokisikia, hata kama alikiandika vibaya.