Jinsi nilivyoacha kukesha na YouTube

Tatizo lilikuwa hivi: nafungua YouTube saa tatu usiku kuangalia namna ya kubadilisha mpira wa bomba linalovuja, nakuja kushtuka muadhini anaadhini alfajiri. Video ikijaa kioo chote, saa ya simu nayo inajificha, kwa hiyo hata pa kushtukia hapana.

Nilianza na kipima muda cha programu kilichomo kwenye mipangilio ya Android. Kilifunga kweli, lakini hesabu yake huanza upya saa sita usiku, na hizo ndizo saa zangu. Kuzima video zisijicheze zenyewe kulisaidia kidogo. Kidole kiliendelea kusukuma tu.

Kilichomaliza kazi ni historia. Gusa picha ya akaunti yako, ingia mipangilio, tafuta historia ya video ulizotazama, izime. Wengi huishia hapo, wanarudi wanakuta ukurasa wa mwanzo umejaa vilevile, wanasema haifanyi kazi. Siri iko hatua inayofuata: futa na historia yote ya zamani, maana mapendekezo huendelea kuchotwa humo. Kisha funga programu, fungua tena. Ukurasa wa mwanzo utakuwa mtupu, umebaki na sehemu ya kutafutia.

Sasa natafuta ninachotaka, natazama, natoka. Chini ya video mapendekezo bado yapo, kwa hiyo simu nailaza upande, video ijae kioo na yasionekane. Na usihofu, chaneli ulizojiunga nazo na orodha ulizohifadhi hazifutiki.